Mashirika madogo ya ndege: yanavyoinuka na yanavyoanguka (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Kama tayari una tiketi ya shirika lililofunga, ruka moja kwa moja hadi swali la 13.

## Misingi

1. Shirika dogo la ndege la kikanda ni lipi hasa?

Hakuna mpaka uliochorwa kwa rula. Kwa kawaida ni shirika lenye ndege mbili hadi kumi na kitu, ndege zenyewe za viti 9 hadi 80 hivi, na safari zake nyingi hazifiki saa moja na nusu. Chini kabisa kuna Cessna Grand Caravan ya injini moja. Zinafuata Twin Otter, Beechcraft 1900D na Let L-410, zote za viti 19, halafu ATR 42 ya viti 48 hivi, ATR 72 ya viti 70 hivi na Dash 8-Q400 ya viti 78 hivi. Hiyo 19 haikuja kwa bahati: kanuni za nchi nyingi hudai mhudumu wa abiria ndani ya ndege pindi viti vinapozidi idadi hiyo.

Biashara zenyewe ni za namna mbili. Kuna shirika linalouza tiketi kwa jina lake na kubeba hasara likikosa abiria. Kuna na lile linalorusha ndege kwa niaba ya shirika kubwa na kulipwa kwa kila safari, abiria wawepo wasiwepo. Hili la pili hufa siku mteja wake mkubwa anapokataa kuongeza mkataba. Majibu mengi hapa yanahusu lile la kwanza.

2. Kwa nini ndege za propela? Si za kizamani?

Si za kizamani. ATR 72-600 bado inatengenezwa. Sababu ni mafuta. ATR 72 hutumia takriban kilo 650 hadi 800 za mafuta kwa saa, wakati jeti ndogo ya viti 50 kama CRJ200 hupita kilo 1,000 kwa viti vichache zaidi. Kwenye njia ya kilomita 300 jeti haikuokolei hata robo saa, kwa kuwa sehemu kubwa ya safari ni kupanda, kushuka na kutembea uwanjani.

Sababu nyingine ni urefu wa njia ya kurukia. ATR 72 iliyobeba uzito wa juu huhitaji takriban mita 1,300 usawa wa bahari. Uwanja ukiwa mlimani na jua likiwa kali, hewa hupungua uzito na mita zinazohitajika huongezeka. Uwanja hauwezi kurefushwa mchana huohuo, kwa hiyo kinachopunguzwa ni abiria au mizigo. Ndiyo maana begi lako wakati mwingine hufika kesho yake.

3. Ndege ngapi zinatosha kuanza?

Tatu: mbili za kazi na moja ya akiba, ambayo pia hushika zamu ndege nyingine inapokwenda hanga, yaani karakana ya ndege. Wengi huanza na mbili. Wanaoanza na moja huwa wameuza ratiba wasiyoweza kuilinda.

Chukua mfano wa tairi. Ndege yako pekee imetua saa mbili asubuhi kwenye uwanja wa mbali, na fundi anaona mpasuko kwenye tairi la kushoto. Gurudumu la akiba, jeki na chupa ya naitrojeni vipo makao makuu, kilomita 400 nyuma, na ndege ambayo ingevipeleka ndiyo hiyo iliyokwama. Vitapelekwa kwa gari. Gurudumu lenyewe hubadilishwa kwa muda usiofika saa moja, lakini safari sita za siku hiyo zimekwisha kufutwa, abiria wanatafutiwa malazi, na marubani wanafikia kikomo cha saa zao za kazi kabla ndege haijawa tayari.

## Kuanzisha

4. Leseni ya usafiri wa anga na cheti cha uendeshaji ni kitu kimoja?

Hapana. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara: nani anamiliki kampuni, ana mtaji gani, anaomba njia zipi. Cheti cha uendeshaji, ambacho watu wa anga hukiita AOC, huthibitisha kwamba unaweza kurusha ndege kwa usalama. Unaweza kupata leseni na usirushe hata ndege moja kwa mwaka mzima kwa kukosa cheti.

Utaratibu unaofuatwa na mamlaka nyingi, kwa mwongozo wa ICAO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga), una hatua tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, uchambuzi wa nyaraka, ukaguzi na maonyesho ya vitendo, kisha utoaji wa cheti. Kwenye hatua ya nne wakaguzi hupanda ndege yako, hukuwekea hitilafu ya kubuni na kuwatazama wahudumu wako wakifanya zoezi la kuhamisha abiria kwa dharura.

Wengi hukwama hatua ya tatu. Miongozo hununuliwa ikiwa tayari au hunakiliwa, na mkaguzi anakuta ukurasa unaotaja aina ya ndege ambayo huna. Kinachofuatia kwa kuchelewesha ni wakuu wa idara. Mamlaka hutaka meneja anayewajibika, mkuu wa shughuli za urukaji, mkuu wa matengenezo, wa mafunzo, wa usalama na wa huduma za ardhini, na kila mmoja huhojiwa. Mmoja akiacha kazi katikati, faili linasimama. Wakati huo wote unalipia ndege iliyolala na marubani wasioruka. Mashirika kadhaa hupata cheti yakiwa yamekwisha kula nusu ya mtaji.

5. Kukodi ndege au kununua?

Karibu wote hukodi, kwa njia mojawapo ya hizi mbili. Ya kwanza ni kukodi ndege pamoja na marubani, matengenezo na bima ya mwenyewe. Ni ghali, lakini unaanza mara moja. Ya pili ni kukodi ndege tupu na kuweka kila kitu chako. Hii ndiyo ya kudumu.

Ukikodi ndege tupu unaweka dhamana, mara nyingi ya miezi miwili au mitatu, unalipa kodi ya kila mwezi, na juu yake akiba ya matengenezo inayohesabiwa kwa saa za kuruka na kwa idadi ya mituo, yaani mara ambazo ndege imetua. Akiba hiyo inakaa kwa mwenye ndege. Unarudishiwa baada ya kufanya matengenezo makubwa na kuonyesha ankara, kwa hiyo lazima uwe na fedha za kuanzia hata kama umeweka akiba miaka minne.

Sehemu ya mkataba isomwe mara tatu ni masharti ya kurudisha. Ndege hurudishwa ikiwa na kiwango fulani cha uhai kilichobaki kwenye injini, propela na miguu ya kutulia, na kumbukumbu zote zikiwa kamili. Shirika lililolipa kodi bila kukosa linaweza kuangushwa na bili ya kurudisha ndege mbili kwa wakati mmoja.

6. Mtaji uwe kiasi gani?

Kipimo kizuri kimo kwenye kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1008/2008. Mwombaji aonyeshe kwamba ataweza kulipa gharama za miezi mitatu ya kwanza bila kuhesabu mapato hata kidogo, na kwamba atamudu madeni yake kwa miezi 24 tangu aanze. Hata pale sheria isipodai hivyo, fanya hesabu hiyo. Ukianza na chini ya hapo, utakuwa unaendesha shirika kwa fedha za abiria (swali la 10).

## Kukua

7. Ndege ijae kiasi gani ndipo pawe na faida?

Pima gharama ya safari kwa tiketi. Tuseme safari moja ya ATR ya viti 70 inagharimu sawa na tiketi 42 baada ya kuondoa kodi na tozo za uwanja. Basi unahitaji asilimia 60 ya viti. Sasa mshindani anaingia na wewe unashusha nauli kwa sehemu moja ya tano. Gharama ni ileile, lakini sasa unahitaji abiria 53, yaani karibu asilimia 76. Punguzo lililoonekana dogo kwenye bango limekudai abiria 11 zaidi kwa kila safari.

Kisha kuna kurudi. Ndege inayotoka asubuhi na abiria 65 ikarudi na 15 imebeba 80, na kwa nauli ile ya kwanza ulihitaji 84 kwenda na kurudi. Aliyepanda asubuhi ataapa kwamba shirika linatengeneza fedha.

8. Kwa nini safari fupi hula matengenezo kuliko ndefu?

Kwa sababu vitu vingi vya ndege huchoshwa na kuruka na kutua kuliko kuwa hewani. Ndege yenye mituo 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hutua mara 2,400. Ndege ya masafa marefu yenye mituo miwili kwa siku hutua mara 600. Breki, matairi, miguu ya kutulia, milango na diski za injini hufuata hesabu hiyo.

Hata vitu vidogo hukwamisha. ATR nyingi hazina injini ndogo ya umeme mkiani. Badala yake injini ya kulia huachwa ikiwaka huku propela yake imefungwa kwa breki, ili kuwe na umeme na hewa baridi abiria wanapopanda kwa mlango wa nyuma. Breki hiyo ikiharibika, ndege inaweza bado kuruka kwa masharti, ila sasa inahitaji mashine ya umeme ya uwanjani. Uwanja mdogo usipokuwa na mashine hiyo, umepoteza kituo hicho mpaka kipuri kije.

9. Kwa nini marubani huondoka, na kosa kubwa la upanuzi ni lipi?

Marubani huondoka kwa sababu shirika dogo ndilo shule ya mashirika makubwa. Rubani msaidizi akishakusanya saa za kutosha, anapokea simu. Mkataba wa kumfunga miaka miwili au mitatu kwa gharama ya mafunzo husaidia kiasi, ila mwajiri mpya huweza kuulipa na kumchukua.

Great Lakes Airlines ya Marekani ndiyo mfano wa kufundishia. Baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo Februari 2009, iliyoua watu 50, sheria mpya iliwataka hata marubani wasaidizi wa mashirika ya abiria wawe na saa 1,500, isipokuwa kwa misamaha michache. Great Lakes ilikuwa ikiajiri watu wenye saa chache zaidi ya hizo. Ikang'oa viti kwenye Beechcraft 1900D zake, kutoka 19 hadi 9, ili zirushwe chini ya kanuni nyepesi. Ndege ileile, injini zilezile, abiria chini ya nusu. Machi 2018 ikasimamisha safari.

Kosa la upanuzi, kwa maoni yetu, ni aina ya pili ya ndege. Aina mpya inadai marubani wake, mafundi wenye idhini yake, stoo yake ya vipuri, miongozo yake na ndege yake ya akiba. Rubani wa ATR hawezi kuitwa aokoe safari ya jeti. Flybe ya Uingereza iliishi kwa Q400, lakini mwaka 2010 iliagiza jeti 35 za Embraer E175 na kuingia soko la hisa. Miaka michache baadaye ilikuwa ikilipia kodi ya jeti zake nyingine, za E195, zilizoegeshwa bila kazi.

## Kuanguka

10. Ndege zilikuwa zimejaa. Imefilisikaje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Shirika la ndege hufa kwa kukosa fedha taslimu, na hilo ni jambo tofauti na kukosa abiria.

Tiketi huuzwa kabla ya safari, wakati mwingine miezi mitatu kabla. Fedha zilizomo benki leo ni za watu ambao bado hawajasafiri, yaani ni deni. Shirika linapokua, mauzo ya mbele huongezeka kila mwezi na fedha huonekana nyingi. Kwa fedha hizo linalipa mafuta ya abiria wa mwezi uliopita. Mauzo yakipungua, hata kama ni msimu wa kawaida tu, pengo linajitokeza: abiria wa zamani bado lazima wabebwe na fedha zao zimekwisha.

Hapo anaingia mchakataji wa malipo ya kadi, yaani kampuni inayopokea fedha za kadi za wateja na kulipitishia shirika. Kwa kuwa yeye ndiye atakayerudishia wateja shirika likifunga, akiona dalili mbaya huanza kuzuia sehemu ya mauzo, wakati mwingine yote, mpaka abiria awe amesafiri. Hatua hiyo ina mantiki kwake, lakini humkata mgonjwa pumzi. Mwuza mafuta naye anafuta mkopo wa siku 30 na kudai alipwe kabla ya kujaza. Ndani ya wiki mbili shirika lililokuwa na fedha za miezi miwili linabaki na za siku nne.

Ongeza tatizo la sarafu. Kodi ya ndege, vipuri na kwa kiasi kikubwa mafuta huhesabiwa kwa dola za Marekani, na tiketi huuzwa kwa sarafu ya nchi. Sarafu ikishuka asilimia 15, sehemu kubwa ya gharama imepanda kwa zaidi ya hiyo, na nauli za tiketi zilizokwisha kuuzwa haziwezi kurudiwa.

11. Dalili gani huonekana mapema?

Za wazi ni safari kuunganishwa dakika za mwisho kwa kisingizio cha "sababu za kiutendaji", punguzo kubwa la ghafla kwa safari za miezi mingi ijayo, na marejesho ya fedha yanayochukua wiki badala ya siku. Punguzo la safari za mbali ndilo tunaloliogopa zaidi, maana ni njia ya kukopa kwa abiria.

Ndani ya hanga dalili ni kunyofoa vipuri. Ndege moja inaegeshwa ikisubiri kifaa, kisha inageuka stoo ya zile nyingine. Baada ya miezi miwili haina redio, haina propela, na bado inalipiwa kodi. Dalili nyingine ni hitilafu zilizoahirishwa kurundikana. Kuahirisha kwenyewe ni halali: orodha ya vifaa vya lazima huruhusu ndege kuruka na hitilafu fulani kwa muda maalumu, siku 3 kwa kundi B, siku 10 kwa C, siku 120 kwa D. Shirika lenye fedha hufunga kundi C siku ya pili. Lisilo nazo hungoja siku ya kumi.

Hii haimaanishi ndege hizo ni hatari kuzipanda. Mamlaka makini huongeza ukaguzi kwa shirika lenye matatizo ya fedha, na marubani hukataa ndege isiyokidhi masharti. Linaloathirika kwanza ni ratiba.

12. Nani huamua kwamba leo ndiyo mwisho?

Mara chache huwa ni bodi peke yake. Anaweza kuwa mwuza mafuta aliyekataa kujaza, uwanja uliozuia ndege kwa deni la tozo, mamlaka iliyositisha cheti, bima iliyoisha, au mwenye ndege. Nchi ikiwa imejiunga na Mkataba wa Cape Town wa 2001 na itifaki yake ya ndege, mwenye ndege huweza kuomba ifutwe kwenye rejesta na kuihamishia nchi nyingine kwa kutumia idhini ambayo shirika lenyewe lilisaini siku ya kukodi.

Tangazo hutoka usiku kwa sababu ndege nyingi zimelala nyumbani, wafanyakazi hawako hewani na abiria hawajafika uwanjani. Flybe ilisimama usiku wa kuamkia 5 Machi 2020. Flybmi, nayo ya Uingereza, iliyokuwa na jeti ndogo 17 za Embraer, ilitangaza jioni ya 16 Februari 2019 na kutaja bei ya mafuta, gharama za vibali vya kaboni na mashaka ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya.

## Abiria na wafanyakazi

13. Nina tiketi na shirika limefunga. Nifanye nini?

Usiende uwanjani. Hifadhi tiketi, risiti na tangazo la kufunga, kisha fuata njia uliyolipia.

Ulilipa kwa kadi: peleka pingamizi la muamala kwa benki yako kwa sababu ya "huduma haikutolewa". Muda una kikomo, mara nyingi siku 120 zinazohesabiwa kutoka tarehe ya safari au siku huduma iliposimama, kwa hiyo usisubiri mfilisi, yule anayekabidhiwa mali na madeni ya shirika lililofilisika. Ulilipa kupitia wakala: muulize kama fedha zilikwisha kupelekwa, kama bado anazo, adai asizipeleke. Ulinunua kifurushi cha safari na hoteli: mwuzaji wa kifurushi ndiye mwenye wajibu katika nchi nyingi. Ulilipa taslimu dirishani: jiandikishe kwa mfilisi kama mdai asiye na dhamana. Fanya hivyo, lakini usipange matumizi kwa fedha hizo. Wenye dhamana hulipwa kwanza, na kwa kawaida ndege zenyewe si mali ya shirika (swali la 5).

Bima ya safari hulipa tu kama ina kipengele cha kufilisika kwa shirika. Nyingi hazina.

14. Safari yangu ilikuwa ya kuunganisha. Nani anawajibika?

Tazama namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika lililotoa tiketi. Kama ni za shirika kubwa ambalo bado linaruka, na kipande cha shirika lililokufa kimo kwenye tiketi hiyohiyo, lidai shirika kubwa likupangie njia nyingine. Kama ulinunua tiketi mbili tofauti, ya pili inahesabika umekosa safari mwenyewe, hata kama sababu iko wazi kwa kila mtu. Namba ya safari isikuchanganye: ndege huweza kuwa na namba ya shirika moja na kurushwa na jingine.

15. Mimi ni rubani au fundi wa shirika hilo. Nichukue nini kabla ofisi hazijafungwa?

Nakala zilizothibitishwa za kumbukumbu za mafunzo, matokeo ya mitihani ya simyuleta, na muhtasari wa saa zako uliosainiwa. Leseni ni yako. Mafaili ni ya kampuni na yatabaki chini ya kufuli la mfilisi. Rubani akumbuke kwamba kubeba abiria hudai aruke na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Siku hizo hazisimami kwa sababu mwajiri amekufa.

## Baada ya hapo

16. Njia zake nazo hufa?

Zile nzuri huchukuliwa haraka. Flybe ilipoanguka, Loganair ilitangaza mara moja kuchukua njia 16. Zinazobaki ni zile zisizolipa, ambazo huhitaji ruzuku. Marekani ilianzisha mpango wa aina hiyo baada ya sheria ya 1978 kufungua soko la ndege. Ruzuku huokoa njia, ila shirika linaloitegemea kwa mapato mengi lina mteja mmoja, na hali yake ni ya lile kundi la pili kwenye swali la 1.

17. Jina likinunuliwa na kurudi hewani, ni shirika lilelile?

Jina na rangi tu. Kampuni ni mpya, cheti ni kipya, na madeni ya zamani hubaki kwa mfilisi, zikiwemo tiketi zako. Flybe mpya ilianza Aprili 2022 na ikafunga 28 Januari 2023.

18. Ndege zenyewe huenda wapi?

Hurudi kwa mwenyewe, husafishwa na kuegeshwa: injini hufunikwa, magurudumu huzungushwa mara kwa mara, mirija ya kupimia kasi huzibwa wadudu wasijenge. Zikiwa na bahati, ndani ya mwaka zina rangi nyingine.

Kinachoamua bei ni makaratasi. Kila diski ya injini na kila kifaa chenye uhai wa kuhesabiwa lazima kiwe na historia tangu kilipotoka kiwandani: kilifungwa ndege gani, kikatua mara ngapi, kikatolewa lini. Kifaa kilichonyofolewa usiku ili kuokoa safari ya asubuhi, bila kadi kujazwa, hakihesabiki tena hata kama ni kizima. Mwenye ndege huishia kuilipia diski nzima mpya kwa sababu ya kadi moja ambayo haikuandikwa namba.